Nyumba ya Mapaa Mawili

Tangu nirudi sina pa kujificha. Nikienda sokoni naulizwa, "Bi Saumu, bahari ilikuwaje?" Nikienda harusini naulizwa kama nyumba tulipata na kama mama alifurahi. Nimekuwa nikijibu alhamdulillahi na kuuliza habari za watoto wao. Lakini nyinyi wenzangu mmekataa kudanganywa, basi nawaandikia. Kila mtu asome kwake, na mkija kwangu tunywe chai tuzungumze mengine.

Baadhi yenu mlikuwepo kwenye matanga ya baba, kwa hiyo mwanzo mnaujua. Kwa asiyejua ni hivi. Baba alifariki asubuhi. Mdogo wangu Sudi alikuwa Mwanza, akapiga simu analia, anaomba angojewe hadi kesho yake. Kaka Hemedi, mkubwa wetu, akasema maiti hangojwi, na baada ya alasiri tukazika. Sudi alipofika alisimama katikati ya jamvi mbele ya wanaume wote akasema, "Kaka, umemfukia baba kama mtu asiye na mtoto." Hemedi naye akasimama. Akaapa, kwa talaka tatu za mkewe, kuwa hatakaa na Sudi chini ya paa moja mpaka mmoja wao aingie kaburini.

Maana yake ni kwamba siku watakapokutana chini ya paa moja, wifi yangu Rukia ameachika, na hana kurejewa. Rukia hakuwa hata barazani. Alikuwa jikoni anapepeta mchele wa waombolezaji, na habari ya ndoa yake akaletewa pamoja na sufuria tupu. Tuliuliza masheikh wawili. Mmoja alisema alishe maskini kiapo kitoke, wa pili akasema talaka si mchezo, ikivunjwa inaanguka. Kaka ni mtu wa kushika lile gumu, akashika la wa pili.

Miaka imepita. Sasa mama ana ugonjwa wa moyo, miguu inavimba, na daktari anapozungumza naye ananitazama mimi. Mama hakuomba hija wala dhahabu. Alisema, "Nataka wanangu wote wawili wale mbele yangu sahani moja, na nilale nawasikia wanazungumza." Kwangu Usagara, hapa Tanga, ninakokaa na mama, hakuna ua. Nyumba yetu ya Makorora ua wake umefunikwa mabati mpaka kwenye kisima. Ndipo Sudi, anayeishi Dar siku hizi na anajua watu wa huko wanavyokodi nyumba za mapumziko, akaniambia, "Dada, tafuta nyumba pwani, yenye majengo mawili na uwanja katikati."

Watu huchagua nyumba kwa vyumba, kwa maji, kwa choo. Mimi nilitumwa kuchagua nyumba kwa ajili ya pale ambapo haipo.

Usagara hadi Muheza

Nilisema nitakwenda peke yangu kutafuta. Mama akasema nyumba atakayolala anaichagua mwenyewe. Nikamweka kiti cha mbele cha kigari changu na mto mgongoni, mfuko wa dawa miguuni na chupa ya chai mapajani, tukaenda kwanza Muheza kumchukua Rukia. Kabla hatujafika, tairi likapasuka. Nilibadilisha mwenyewe huku mama akitoa maelekezo, naye hajawahi kushika spana maishani mwake.

Hemedi ni mfanyabiashara wa machungwa. Tulimkuta uani kwake amezungukwa na machungwa, anachagua makubwa na madogo. Akaacha kazi, akaja akambusu mama mkono.

"Ukiitwa Ijumaa utakuja?" mama akamuuliza.

"Nitakuja mama. Lakini kiapo mnakijua."

"Nakijua. Nilikuwepo."

"Basi mtazame vizuri. Mimi sichezi na mambo ya Mungu."

Rukia alikuwa amesimama mlangoni na begi lake, na Hemedi hakumtazama alipokuwa anasema hayo. Nilitaka kumwambia kwamba anayemcha Mungu kiasi hicho angeapa kwa kichwa chake mwenyewe. Lakini mama alikuwa anacheka na machungwa, ananusa moja moja kama hajawahi kuyaona. Tukapakiwa kapu zima, tukaondoka wanawake watatu.

Muheza hadi Pangani

Njia ile ilitutesa. Vuli ilikuwa haijaanza, watu wote walituambia hivyo, mvua bado wiki mbili tatu, msiwe na wasiwasi. Kwa hiyo tulikula vumbi. Gari likachemka, tukasimama chini ya minazi kungoja lipoe, na mwanamke mmoja akatoka nyumbani kwake na mihogo ya nazi kwenye bakuli bila hata kutuuliza majina. Alimtazama mama, akamtazama tena, akaenda kuleta na mkeka. Mama akalala pale usingizi mzuri kuliko wote wa safari hii. Nawaambia kweli, laiti tungebaki kwa mwanamke yule na safari ikaishia hapo.

Pangani mjini tulielekezwa kwa Bwana Gulam, mzee wa Kihindi mwenye duka la misumari na rangi, ambaye ana nyumba ya kukodisha karibu na mto. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akafunga duka kwa heshima yetu akatupeleka mwenyewe. Nyumba nzuri, jamani. Madirisha makubwa, kuta nene, upepo unaingia mpaka unataka kuufungia. Lakini Rukia alikuwa ameshainua uso. Kila nyumba tuliyoingia, yeye alitazama juu kabla ya kitu kingine chochote.

"Paa ni moja," akasema.

"Moja, ndiyo, lakini bati mpya!" Bwana Gulam akamwambia. "Juzi tu nimeweka. Hapana vuja hata tone, mama. Wallahi."

"Hatuogopi kuvuja, Bwana Gulam," nikasema. "Tunataka mapaa mawili."

Akanitazama. "Paa moja juu ya paa ingine?"

Nikamweleza kuwa ni mawili mbalimbali, na mbingu katikati. Alifikiri sana, mkono kiunoni, kisha akatupeleka uani kwa furaha. Kulikuwa na banda la wageni, vyumba viwili na choo chake, safi kabisa. Moyo wangu ukaruka. Mama akasema, "Hapa sawa." Rukia akafuata ukuta kwa macho mpaka mwisho. Kutoka nyumba kubwa hadi bandani palikuwa na kijia cha kupita wakati wa mvua, kimeezekwa vipande viwili vya bati, upana wake mkono mmoja.

"Hiki ni paa?" mama akauliza.

Bwana Gulam alisema, kama ni bati hizi tu, ataita fundi kesho azitoe. Nikamgeukia Rukia, nikaona jinsi anavyozitazama zile bati, nikajua hata zikitolewa hatalala. Angelala anahesabu misumari iliyobaki. Tukamshukuru mzee wa watu. Akatupa chai ya maziwa na kachori za mkewe, akakataa kabisa kuelewa, lakini hakuacha kututakia heri.

Nyumba nyingine mbili za Pangani sina haja ya kuzieleza. Moja ilikuwa na mapaa mawili na mmiliki mmoja aliyetaka kulala humo pamoja nasi. Ya pili ilikuwa na paa nusu.

Kuvuka

Ng'ambo ya mto, tuliambiwa, kuna vijumba vya ufukweni upande wa Ushongo. Tulikaa kwenye foleni ya pantoni nyuma ya malori ya nazi, jua la utosi. Mama alianza kuhema. Nilimwambia turudi, nitawaita Hemedi na Sudi kila mmoja kwa siku yake, awaone, yaishe.

"Nawaona kila mmoja kwa siku yake tangu baba yenu azikwe," akasema. "Vuka."

Rukia alikuwa anamenya chungwa, anampa mama pingili moja moja. Akaniambia polepole, mama asisikie, "Wifi, nikwambie kitu. Mimi kila nikiingia harusini, msikitini, hospitali, nauliza kwanza Sudi yupo wapi. Siku moja nilimuota amepanda basi moja na Hemedi. Niliamka nimeshafunga nguo zangu kwenye kanga."

Basi nalo lina paa. Sikuwa nimelifikiria. Nilimshika mkono.

Ushongo

Na tukapata. Wallahi, tukapata. Vijumba viwili vya makuti kwenye mchanga, vimetazamana, na katikati yake uwanja uliofagiwa wenye nafasi ya kutandika jamvi la watu ishirini. Hakuna kijia, hakuna bati, hata kamba ya kuanikia haikuvuka. Rukia alizunguka vyote viwili, akarudi, akakaa kwenye mchanga akacheka peke yake.

Mwenye navyo alikuwa mjane, Bi Tatu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu wa ng'ambo. Alinisikia nikieleza habari ya mapaa mawili na mwanamume atakayekuja Ijumaa, akatutazama mimi na Rukia, akatikisa kichwa.

"Nimefahamu. Wake wenza."

"Hapana, Bi Tatu..."

"Usinifiche, mwanangu. Mimi mwenyewe nilikuwa wa pili, naujua uchungu wake. Huyu ndiye mkubwa?" akamwonyesha Rukia. "Atalala kijumba cha mashariki, ndicho chenye neti nzima. Na nyinyi mkipikiana msitiane chumvi kwa makusudi."

Rukia alicheka mpaka machozi, na mama akacheka mpaka nikamtafutia dawa. Hatukumsahihisha. Siku mbili nzima Bi Tatu alituangalia kwa huruma, akinigawia mimi kipande kidogo cha samaki na Rukia kikubwa, haki ya bi mkubwa. Asubuhi mama alikuwa akikaa kwenye kitanda cha kamba katikati ya uwanja na kanga kichwani, anakula mkate wa kumimina, anapanga kwa kidole: Hemedi atakaa hapa, Sudi pale, sinia hapa. Nilimpigia simu Sudi, nikampigia Hemedi. Wote wakasema wanakuja. Msiniulize tena kama mama alifurahi. Alifurahi, na siku zenyewe ni hizo mbili.

Ijumaa

Sudi alifika kabla ya mchana, amebeba keki ambayo joto lilikuwa limeshaila nusu. Aliweka kichwa mapajani mwa mama, mtu mzima mwenye mvi. Hemedi alikuja baada ya swala. Wale ndugu wawili walisimama kwenye mchanga, wakatazamana.

"Assalaam alaykum, kaka."

"Wa alaykum salaam. Njia ilikuwaje?"

"Nzuri kidogo."

Ndiyo hayo tu. Lakini mama aliziba mdomo kwa kanga. Tukatandika jamvi, Bi Tatu akaleta sinia ya wali wa nazi na changu wa kupaka, tukanawa mikono. Hemedi upande huu, Sudi upande ule, mama katikati. Hemedi alikuwa ameshamega kipande cha samaki kumwekea mama mbele yake. Ndipo tone la kwanza likaanguka kwenye wali.

Mvua ile haikubisha hodi. Ilikuja na upepo wa bahari, ikawa kama tumemwagiwa pipa. Daktari alishasema mama asiloe hata kidogo. Sudi akambeba mkuku akamwingiza kijumba cha magharibi, kilichokuwa karibu. Hemedi alikimbia naye mpaka mlangoni, kisha akasimama, kama aliyeshikwa kola, akageuka akakimbilia kijumba cha pili. Mimi nilibaki nimeshika sinia imejaa maji. Nililia pale pale, siwafichi, na nilimtukana mtu nisiyemjua.

Tulingoja ipite. Haikupita. Sudi akapiga kelele kuvuka uwanja, "Mimi natoka, kaka aingie!" Akatoka akasimama mvuani, Hemedi akaingia, akakaa na mama. Mama akamtazama.

"Mnanijia kwa zamu kama mgonjwa wa hospitali," akasema. "Toka, mwanangu. Kakauke."

Alikataa kula. Vuli ilikuwa imeamua kuanza siku ile, na kwa hasira.

Jumamosi asubuhi bado inanyesha, na mama alikuwa anapumua kwa kuvuta. Midomo imebadilika rangi. Sudi alikuwa amekaa nyuma yake kitandani, amemwegemeza kifuani, na kila alipotaka kujitoa nimshike mimi, mama alikosa pumzi. Nilipiga simu ya gari la kutusaidia, nikaambiwa njia imejaa maji, mngoje. Mama akanishika mkono.

"Saumu, naona saa yangu ndiyo hii. Muite kaka yako."

Nilimuita. Alikuja akasimama nje, hatua moja kutoka kwenye mlango, pale maji ya makuti yanapodondokea. Hakuwa na mwavuli, kanzu imemganda mwilini. Kati yake na mama palikuwa na pazia la maji yale tu. Ndani Sudi amemshika mama, hawezi kumwachia.

"Hemedi," mama akasema. "Njoo."

"Mama..." Alikuwa analia, kaka yangu, ambaye hakulia siku ya baba. "Mama, kiapo."

Rukia alitoka kijumba cha pili. Alivuka uwanja pekupeku, mtandio umeanguka mabegani, akasimama nyuma ya mumewe.

"Ingia," akamwambia. "Ingia kwa mama yako. Mimi nitakwenda kwetu."

Hemedi akainua mguu.

Sijui niwaeleze vipi kilichofuata. Mama, ambaye tangu jana alikuwa hawezi kwenda chooni bila kushikwa na watu wawili, alijinasua mikononi mwa Sudi, akashuka kitandani, akashika nguzo, akashika ukuta, akaufikia mlango. Akaufunga. Aliegemea ubao na mwili wake wote, na kutoka ndani akasema kwa sauti ambayo sikujua ilikuwa bado imo kifuani mwake:

"Rukia mwanangu, rudi ndani utapata homa. Nawe Hemedi, mrudishe mkeo."

Nilimshika kabla hajaanguka, tukamrudisha kitandani. Hakufa. Sudi alilia mpaka akakosa sauti, na mama akampapasa kichwa, akaomba chai.

Kurudi

Mvua ilikatika Jumapili, ikaacha jua zuri la kutukejeli. Sudi alitangulia kwenda Dar. Alimuaga kaka yake kwa mkono, nje, na Hemedi akakaa na mkono ule hewani kidogo baada ya Sudi kuondoka. Hemedi naye akarudi Muheza na gari lake, machungwa yanamsubiri. Bi Tatu alitufungia kaimati za njiani, akamnong'oneza Rukia kwamba sasa amemjua mume, kumbe ni yule wa kanzu, na asimwachie mke mdogo.

Rukia alipanda na sisi, amsaidie mama njiani. Tulivuka mto bila foleni. Pangani hata kwa Bwana Gulam hatukusimama. Mama alikuwa amefumba macho kiti cha nyuma, kichwa begani kwa Rukia.

Tulipokaribia njia inapogawanyika, moja ya Muheza na moja ya Tanga, nikapunguza mwendo nigeuze kumpeleka wifi yangu kwake.

"Kamata ya Tanga," Rukia akasema.

"Hemedi anakungoja."

Akamrekebishia mama kichwa begani.

"Mimi ndiye niliyemwambia aingie," akasema. "Na nilikuwa nimekusudia. Lakini, wifi, sikuwa nimemaliza kusema. Alishainua mguu, hata kunigeukia hakunigeukia."

Kwenye kioo niliona macho ya mama yamefunguka. Akayafumba tena. Nikakamata ya Tanga.

Rukia yuko chumba cha pili hapa kwangu. Ndiye anayempa mama dawa zake, na wanaelewana kuliko mimi na mama tulivyowahi kuelewana. Kila jioni kaka ananipigia simu kuuliza mkewe anarudi lini. Anasema hakuingia, nami mwenyewe nilimwona, paa hakuligusa, na talaka haikutoka. Namwambia ndiyo, kaka, haikutoka.